Daraja na Kurudi

Hakuwa mtu wa salamu. Ukiingiza gari kwenye sakafu yake ya saruji kule Makiso, mjini Kisangani, karibu na bandari ya mto, hakuinua kichwa wala kutoa mkono. Alisikiliza injini kwa muda, kisha akauliza: "Umefika daraja?"

Daraja alilolisema ni lile la mto Tshopo, upande wa kaskazini wa mji. Kila gari la otomatiki lililoletwa kwake lilipaswa kwanza kuendeshwa hadi darajani na kurudi, ndipo achomoe kijiti na kutazama mafuta ya giaboksi. Hakuna aliyesamehewa, awe mfanyabiashara, askari au padri. Mafundi wengine walimcheka, wakasema yule mzee anachoma mafuta ya watu bure. Yeye aliwajibu kwamba mafuta ya baridi yanasema uongo, na kwamba yeye hana kazi na waongo.

Nilimjua kwa miaka kumi na mmoja. Mimi ni katibu wa kituo kidogo cha afya huko Kabondo, mtaa mwingine wa mji huo, chenye pickup moja tu ya kubebea wagonjwa, na pickup hiyo ilikuwa mikononi mwake tangu siku tuliyoipata. Kwa miaka hiyo yote niliamini kwamba hajawahi kuvunja kanuni yake ya daraja hata mara moja. Imani hiyo niliiingiza kwenye ripoti, nikaitia sahihi, na kwa sababu yake dereva wetu akapoteza kazi, jina na maisha ya nyumbani kwake. Ndiyo maana ninaandika habari za mzee huyu, na ndiyo maana najitahidi kuziandika zote, nzuri na mbaya. Jina lake silitaji. Kwetu alikuwa Fundi, na waliozungumza naye walimwita Vieux, yaani Mzee.

Sakafu aliyofanyia kazi ilikuwa ya depo la zamani. Kuta zilikwisha kubomolewa na watu waliohitaji matofali, bati likaondoka, ikabaki sakafu peke yake, pana na nyeupe kama meza. Aliipenda kwa sababu moja: ilikuwa sawasawa. Kisangani mvua imekula kila barabara, na mahali ambapo gari linaweza kusimama bila kuinama upande mmoja ni pachache. Alikuwa na sahani ya bati aliyoijaza maji na kuiweka chini karibu na magurudumu. Kama maji yaligusa ukingo wa upande mmoja kuliko mwingine, alimwamuru dereva asogeze gari hatua moja, kisha nusu hatua, mpaka sahani iridhike.

"Gari ikiinama, jauge inasema bongo," alisema, yaani inadanganya.

Jauge ni kile kijiti chembamba cha chuma kinachozamishwa ndani ya boîte, yaani giaboksi, ili kupima mafuta yamefika wapi. Chini kina mistari ya baridi, juu kina mistari miwili ya moto, na Fundi aliitambua ile ya juu tu. Ile ya chini, alisema, iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na subira. Mafuta yakipata joto yanavimba na kupanda. Ukiyapima baridi utaona yamepungua, utaongeza, na baadaye, njiani, yatapanda kupita kiasi, yatapigwa na vyuma vinavyozunguka hadi yawe povu, na povu halisukumi gari.

Kazi yenyewe ilikuwa na mpangilio ambao haukubadilika. Gari limerudi kutoka darajani, injini inaunguruma. Dereva anakanyaga breki, anapitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi polepole, anaurudisha kwenye P, nafasi ya kuegesha. Fundi anachomoa jauge, anaifuta, anairudisha mpaka mwisho, anaichomoa tena, anaisoma mbele na nyuma. Kitambaa chake kilikuwa kipande cha shuka kuukuu alichokifua mwenyewe kwa sabuni na kukianika kwenye kamba. Vitambaa vya fulana hakuvitaka kwa sababu vinaacha nyuzi, na uzi mmoja ndani ya boîte, kwake, ulikuwa kama mfupa kwenye koo la mtoto.

Madereva wetu wengi walijifunza kwenye malori ya gia za mkono, tena katika mji ambao mafuta ya gari hupimwa kwa chupa. Kwa hiyo walikuwa na kosa moja la pamoja: wakisimama tu, wanazima injini ili wasipoteze mafuta. Boîte ya otomatiki hupimwa injini ikiwa hai. Nilimsikia Fundi mara nyingi akipiga kelele kutoka chini ya gari la mtu:

"Unazima nini? Nani alikutuma uzime? Unapima gari ao unaizika?"

"Vieux, carburant iko bei."

"Na boîte mupya iko bure? Washa! Washa, na urudie daraja, sababu imesha poa sawa moyo yako."

Pua yake aliiamini kuliko macho. Mafuta mazuri ya boîte ni mekundu na yana harufu tamu kidogo. Yakiungua yanakuwa kahawia na kunuka kama mkate uliosahauliwa motoni. Yakiingiwa na maji yanageuka rangi ya maziwa yenye chai. Wateja waliotoka Lubunga, ng'ambo ya mto mkubwa, aliwanusia gari kabla hawajashuka, kwa kuwa alijua wapo wanaotia magurudumu mtoni wakingoja kivuko.

Siku moja mchuuzi alimletea makopo ya mafuta mekundu, akaapa kwamba yametoka moja kwa moja Dubai. Fundi hakubishana. Alichana ukurasa wa daftari, akadondosha tone moja, akauweka juani chini ya jiwe, akaendelea na kazi yake. Mchuuzi alisimama pale akijipepea kwa kofia. Baada ya muda Fundi aliuinua ukurasa. Mafuta ya kweli huacha duara moja la waridi linalotawanyika sawasawa. Hili lilikuwa na kitovu cheusi na ukingo wa njano uliong'aa.

"Vieux, iko original," mchuuzi akasema.

"Najua. Original ya ngazi." Mtu alikuwa amechanganya mafuta ya injini na mawese, yanayokamuliwa kwenye ngazi, tunda la mchikichi, ili kupata wekundu. Fundi alimrudishia kopo kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Chukua, peleka kwa bibi yako, atapikia pondu. Lakini mi sitakuya kula."

Alikuwa na kikombe kidogo cha kioo cha kuongezea mafuta na faneli yenye mpira mrefu. Aliongeza kikombe kimoja, akangoja, akapima. Nusu kikombe, akangoja, akapima. Kama mwingine alikuwa amejaza kupita kiasi, alinyonya mafuta ya ziada kwa bomba kubwa la sindano lililofungwa kwenye mpira wa serumu, ule wa dripu. Vyote viwili nilimpa mimi, kutoka sanduku la vifaa vilivyopita muda wake. Kazi hiyo ilimchosha sana mgongo. "Kuongeza ni dakika," alisema akijinyoosha. "Kutoa ni siku muzima."

Haya yote yanaweza kumfanya aonekane mtu wa subira. Hakuwa. Subira yake yote aliimaliza kwa magari. Watu aliwakatiza katikati ya neno. Kanisani alikaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya matangazo. Hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, hakuwa na leseni na hakuitaka, alikwenda kazini na kurudi Kabondo kwa miguu, akisukuma baiskeli iliyobeba vyombo, na wale wa toleka, wanaobeba abiria kwa baiskeli, walimtania: "Vieux, panda, nayo inajua kutembea!" Mchana alikula lituma yake, ndizi za kupondwa, amesimama, akitazama gari, kana kwamba likipewa mgongo litatoroka.

Kuna jambo jingine, na hili ningelipima vizuri zaidi kama ningekuwa na akili ya kupima. Hakuwa na neno la kuomba msamaha. Mwaka wa pili wa kujuana kwetu alivunja kioo cha taa ya pickup yetu kwa spana iliyomponyoka. Nilikuwepo, niliona. Siku ya pili taa ilikuwa na kioo kipya, kizuri kuliko cha kwanza, na hakudai chochote.

"Aksanti kwa kioo, Vieux," nikamwambia.

"Kioo gani? Ndiyo ile ile."

"Lakini ile ilivunjika jana."

"Secrétaire, macho yako iko na shida. Nenda kwa daktari yenu."

Nilicheka, nikaisimulia kituoni kama kichekesho. Alikuwa mtu wa kutengeneza bila kukiri, na mimi niliona kipawa tu.

Dereva wetu alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa Kabondo, mwenye mke na watoto watatu. Katika mji mzima ndiye peke yake ambaye Fundi alimruhusu kugusa jauge. Alijifunza kanuni ya daraja kuliko sote, hata akawa anaijibu kabla ya kuulizwa: anaingia sakafuni, anashusha kioo na kupaza sauti, "Nimefika, nimerudi!" Fundi aligeuza uso ili asionekane akitabasamu.

Sasa nieleze ile siku, kwa mpangilio, kwa kuwa mara ya kwanza sikuieleza ilivyotakiwa.

Pickup ilikuwa imelala kwenye sakafu ya Fundi tangu jana yake. Mpira mmoja wa mafuta ya boîte ulikuwa unavuja, asubuhi akaubadilisha. Mafuta kiasi yalikuwa yamemwagika, kwa hiyo ilibidi kupima na kuongeza. Dereva alikuwa pale naye, wawili tu. Ndipo muuguzi wetu mkuu, ambaye sote twamwita Mama Titulaire, akapiga simu. Kwenye kijiji kimoja cha barabara ya Buta, mbali ng'ambo ya daraja, mwanamke mwenye uchungu wa uzazi alikuwa anatokwa damu. Alikuwa binti wa Kabondo aliyeolewa kule. Mama yake aliuza mboga mitaa miwili kutoka kituoni. Ilitakiwa gari liende sasa hivi kumchukua na kumleta mjini kwa upasuaji.

Pickup ilitoka sakafuni, ikapita Kabondo kumbeba Mama Titulaire, ikavuka daraja bila kusimama. Walifika, wakamlaza mwanamke nyuma kwenye godoro. Wakati wa kurudi, kwenye mlima wa matope, moshi ukatoka chini ya gari. Injini ilipiga kelele, magurudumu hayakwenda. Dereva akafungua boneti, akachomoa jauge: povu, limepita mstari wa juu kwa urefu wa kidole. Alichukua bomba la sindano kwenye sanduku la Mama Titulaire, akanyonya mafuta mpaka yakarudi mahali pake, lakini boîte ilikuwa imekwisha kuungua. Mtandao wa simu hakuna. Lori la mkaa lilipita baada ya muda wa saa nne. Mwanamke alikuwa amekufa, na mtoto tumboni mwake.

Daktari mkurugenzi aliniagiza niandike ripoti. Nilimwita kila mmoja peke yake, nikaandika maneno yao kwenye daftari ambalo ninalo hadi leo.

Dereva alisema: "Secrétaire, nilimuuliza. Nilisema, Vieux, niende daraja na kurudi? Akasema hakuna wakati. Moteur ilikuwa baridi, akatia mafuta, akafunga, akanambia nenda."

Fundi alisema: "Nilimuambia: leo hatungoje hapa, juu ya mugonjwa. Lakini ukifika daraja, simama, moteur itakuwa moto, pima tena. Kama iko mingi, toa. Hakusimama."

Na Mama Titulaire, nilipomuuliza, alithibitisha kwamba gari halikusimama darajani.

Niliuchukua ushahidi wake kama msumari wa mwisho. Leo naona kwamba haukusema lolote: kama dereva hakuambiwa asimame, asingesimama, kama aliambiwa akapuuza, asingesimama vilevile. Lakini maneno ya Fundi yalikuwa na sura yake kabisa. Daraja, simama, moto, pima tena: hakuna mtu aliyemjua ambaye asingemsikia akiyasema. Maneno ya dereva, kwamba Fundi alisema hakuna wakati, yalionekana kama maneno ya mtu anayejitetea. Niliandika kwamba dereva alipuuza maelekezo ya fundi. Maneno yake mwenyewe sikuyaweka kabisa. Dereva alisomewa ripoti. Akaweka ufunguo wa pickup mezani.

Kazi aliipoteza siku ileile. Lakini kibaya zaidi kilikuwa Kabondo. Ndugu wa marehemu walimwita muuaji sokoni, mbele ya watoto wake. Mtu alitupa matope mlangoni kwake. Mama wa marehemu alipomwona akipita, alitua beseni lake la mboga chini na kulia kwa sauti mpaka alipotoweka. Mwezi haukuisha, dereva akashuka mto hadi Isangi, anakopakia mizigo kwenye mashua za shemeji yake. Mkewe na watoto walibaki. Ni miaka mitatu sasa hajarudi nyumbani kwake.

Fundi alibadilika, nami niliona mabadiliko bila kuyasoma. Gari la otomatiki halikutoka tena sakafuni kwake bila kwenda darajani mara mbili. Aliwafukuza wateja waliolalamika. Nyumbani kwa dereva alipanda juu ya paa, mzee yule, akaweka mabati mapya palipovuja. Baiskeli za watoto alizitengeneza bila kuombwa. Mke wa dereva alinisimulia akiwa na machozi: kati ya watu wote wa Kabondo, ni Fundi tu aliyewakumbuka. Mimi nikasema moyoni, tazama, amemsamehe dereva. Kile kioo cha taa sikukikumbuka.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Kwanza akawa anasogeza jauge karibu na pua, nikadhani ananusa. Halafu akaacha kuja Makiso. Sakafu yake sasa watu wanaanikia muhogo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Baada ya dereva kuondoka nilikuwa nimejifunza kuendesha, na siku nyingine pickup naichukua mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, mikono juu ya magoti, macho meupe kama ya samaki aliyepikwa. Alisikiliza injini.

"Umefika daraja?"

"Nimefika, Vieux. Nimerudi."

"Usizime. Nipeleke kwa capot."

Nilimshika mkono hadi kwenye boneti, nikaifungua. Ua wake haukuwa sawasawa kama sakafu ya zamani. Alinituma sahani, tukalisogeza gari mara tatu. Nikapitisha gia zote, nikarudi kwenye P. Alichomoa jauge bila kupapasa, akaifuta kwa kipande cha shuka alichokitoa mfukoni, akairudisha, akaichomoa tena. Aliinusa. Akaisogeza karibu na jicho moja, kisha la pili.

"Iko wapi?"

"Katikati ya mistari miwili ya juu."

"Na nyuma?"

"Na nyuma vilevile."

"Unaona muzuri?"

"Naona vizuri, Vieux."

Hakuirudisha jauge. Tone la mafuta liliteremka likadondoka kwenye kiatu chake. "Donc sasa," akasema, "mi nabakia tu kuamini kinywa ya mutu. Kama wewe uliamini yangu."

Akaifuta jauge kwa kile kipande cha shuka.

"Sikumuambia," akasema. "Sikumuambia asimame kwa daraja. Ile neno niliitunga kiisha, wakati uliniuliza. Mama Titulaire alikuwa analia ndani ya téléphone, chauffeur anaruka-ruka, anauliza: Vieux, niende daraja? Nikamuambia leo hapana. Nikatia kikombe, kikombe, kikombe, moteur iko baridi kama mawe ya mto. Mi mwenyewe."

Injini iliendelea kuunguruma kati yetu. Nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza miaka mitatu kabla. "Juu ya nini ulinidanganya?"

"Juu kila mutu anajua mi ni ule wa daraja. Kama siko ule, niko nani?" Aliirudisha jauge mahali pake, akaisukuma mpaka mwisho kwa kidole gumba. "Jana bibi ya chauffeur alikuya hapa kunishukuru juu ya mabati. Akanambia, Papa, weye ni mutu ya Mungu. Tangu pale chakula haipite."

Nilisema nitaandika ripoti nyingine, nitaipeleka kwa daktari mkurugenzi.

"Uliandika mara moja, inatosha. Nipeleke kwa mama ya marehemu."

Ni mwendo mfupi, lakini njiani aliniambia nisimame mara mbili bila sababu, kisha akasema twende. Mama wa marehemu alikuwa uani, anachambua majani ya muhogo kwenye beseni. Alishangaa kuona mzee kipofu akishushwa kwenye gari lile, maana ndilo lile lile alimofia binti yake, boîte tu iliyobadilishwa. Alivuta benchi.

"Karibu, Papa. Ikala."

Fundi hakukaa. Alisema akiwa amesimama, ameshika mkono wangu, na alisema yote kwa mpangilio, kama apimavyo: mpira uliovuja, simu, swali la dereva, jibu lake, vikombe vitatu, injini baridi, kisha uongo. Hakuweka neno la kujitetea. Wala neno la kuomba msamaha hakulipata. Nilimwona akilitafuta, midomo ikifunguka na kufumba.

Mama alibaki ameshika shina moja la majani.

"Mutoto wangu alingoja pale njiani muda gani?"

"Saa ine," Fundi akasema.

"Na weye, kungojea gari ipate moto, ni muda gani?"

"Daraja na kurudi. Nusu saa. Haifike."

Mama alinigeukia. "Na weye, mutu ya makaratasi. Chauffeur hakukuambia?"

"Aliniambia, Mama."

"Uliandika?"

"Hapana."

Akainuka, majani yakamwagika kutoka mapajani. "Mukae hapo," akasema. "Mungoje."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Tulikaa kwenye benchi. Jua lilihama kutoka kwenye beseni hadi ukutani. Kuku walikuja kudonoa majani yaliyoanguka, hakuna aliyewafukuza. Ndani kulikuwa kimya, kisha kilio kirefu, kisha kimya tena. Watu wa nyumba jirani walichungulia juu ya ua, wakamtambua Fundi, wakatambua pickup, wakaitana wengine. Fundi hakuuliza tumekaa muda gani. Yeye aliyewahi kumkatiza hata padri alikaa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, na mafuta mekundu yakikauka kwenye kidole chake gumba.

Mlango ulipofunguka, mama alikuwa amefunga kitenge kingine na kunawa uso. Mkononi alikuwa na simu.

"Ule chauffeur," akaniambia, "niambie numero yake."

Nilimsomea polepole. Alibonyeza kila tarakimu kwa kidole kimoja, mbele ya majirani wote, akaweka sauti ya nje. Simu ililia kule Isangi, ikalia, ikalia. Kisha sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mitatu, nyuma yake kelele za bandari:

"Allô? Ni nani?"

"Ni mi, mama ya marehemu. Usikate, mutoto wangu. Usikate. Niko hapa na mutu, anataka kukuambia neno, na Kabondo yote inasikia."

Akaiweka simu kwenye mkono wa Fundi. Aliishika juu chini. Mama akaigeuza, akamfungia vidole juu yake, na sote tukangoja aanze.